Nabalayo Wawili wa Gordon Opicho

Tarehe thelathini na moja Desemba 1996, Gordon Opicho anastaafu baada ya kuitumikia reli miaka thelathini na mitano. Bwana Kisilu, rafiki yake wa kazini, ndiye aliyeniomba niandike maneno haya ya kumuaga, akisema aliyemzaa ndiye anayemjua. Amesema kweli. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini mwanangu namjua mpaka kikohozi chake.

Gordon alianza kwa kuchochea moto kwenye injini ya mvuke, akapanda mpaka akawa dereva. Sisemi kwa kuwa ni wangu: hakuna aliyesimamisha gari moshi kwa upole kama yeye. Abiria wa daraja la tatu walifika na uji wao kikombeni. Injini yake aliipa jina langu, Nabalayo, eti kwa sababu haiondoki asubuhi kabla ya kunung'unika. Nikanung'unika, kisha nikaitangazia Makongeni nzima, tulikokuwa tukikaa. Ni mama gani mwingine hapa Eastlands aliyevuta mabehewa mpaka Nakuru?

Kisha dizeli zikashika njia, mvuke ukakomeshwa. Jioni hiyo Gordon aliwapita majirani langoni, uso chini, akawaambia, "Nabalayo amezimika. Sitamsikia tena." Kabla sijamaliza kupepeta wimbi, akina mama wa kanisa walikuwa mlangoni na unga na sukari, wakiimba nyimbo za msiba. Nikawauliza kama marehemu anaruhusiwa kuwapikia chai. Tulicheka mpaka jirani yangu Triza akakaa chini. Gordon peke yake hakucheka. Hapo nikajua kwamba msiba ulikuwapo kweli.

Injini nyingi zilikatwa zikauzwa chuma chakavu. Yake ilichukuliwa na makumbusho ya reli, naye akaacha kusomea udereva wa dizeli kama wenzake, akaifuata kuitunza. Bwana Kisilu, ambaye ni dereva wa dizeli, alimwita dereva wa gari lisilofika popote. Alimtania hivyo miaka yote, na miaka yote alimletea matambara ya kupangusia. Siku nilipokwenda kuiona nilishika boila, pipa lake la mvuke. Baridi. Zamani Gordon alikuwa akiingia nyumbani na joto la ile injini kwenye koti, na harufu ya mafuta isiyotoka kwa sabuni yoyote. Siku hizi nalifua koti mara moja tu, linatakata. Sipendi linavyotakata.

Asanteni wote mliokaa na mwanangu vizuri. Lakini kuna jambo. Kuanzia Januari atakuwa mgeni kama wageni wengine, na wageni husimama nyuma ya kamba. Wiki hii hali chakula vizuri. Hapa Komarock tulikohamia amepaka grisi bawaba za milango yote, hata za majirani. Wakubwa wa makumbusho, nawaomba: Jumamosi mfungulieni hiyo kamba. Hataki kiti wala hotuba. Apande tu, apanguse, ashuke.

Gordon mwanangu, Mungu akupe afya na miaka mingi ya kupumzika. Jumamosi sitakupikia chakula cha mchana. Najua utachelewa.