Hatua Arobaini Kutoka kwenye Mti wa Hondohondo

Risala ya Kikundi cha Wapiga Picha za Ndege cha Hatua Arobaini, Idodi, kwa mgeni rasmi, Bi Saida Zubery, siku ya kufungua chumba cha picha. Imesomwa na katibu, Tupokigwe.

Mgeni rasmi, Bi Saida Zubery. Mwenyekiti wetu, Bwana Yotamu. Mwasisi wetu, Mzee Shamsudin. Wazazi, madereva na waongoza watalii: asalamu alaikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wale ambao bado wanatafuta pa kukaa, kamwene ya Kihehe.

UKARIBISHO

Tunakukaribisha kwa furaha, na kwa haya kidogo. Furaha ni kwa sababu umetoka Dodoma na cheo kikubwa cha uhifadhi, ukakubali mwaliko wa watu ishirini na wawili ambao kazi yao ni kuamka alfajiri kwenda kutazama ndege. Haya ni kwa sababu barua ya mwaliko ilitupa tabu kuiandika. Bwana Yotamu aliuliza, "Sasa tunamwitaje mgeni mtu aliyekuwa anamaliza viazi vyetu vya kuchoma?" Tukakubaliana kwamba utakuwa mgeni rasmi mpaka risala iishe.

Mzee Shamsudin alisomewa rasimu juzi. Kuna sehemu aliagiza ifutwe. Tuliifuta mbele yake, halafu tukairudisha. Ameketi mstari wa mbele, na akianza kukohoa mtajua tumefika hapo.

HISTORIA YA KIKUNDI

Kikundi kilizaliwa mwaka 2009 katika studio ya Mzee Shamsudin, Iringa mjini. Kilikuwa chumba kimoja chenye pazia la bluu la picha za pasipoti, kioo kilichopasuka na kichana kilichofungwa kwa kamba ili kisiibiwe. Babu yake alikuja kutoka Kilwa na biashara ya nguo, na yeye akaingia kwenye picha. Siku tano alipiga picha watu waliokatazwa kutabasamu. Jumamosi alifunga studio, akapanda gari la mizigo hadi hapa Idodi, akapiga picha ndege, ambao alisema hawahitaji kuambiwa wakae wima.

Hakuwa na lenzi ndefu. Alikuwa na lenzi ya milimita mia tatu na konvata ya mara mbili, aliyoachiwa na mtafiti mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kwa wasioijua, konvata ni kile kipande kifupi cha lenzi kinachofungwa katikati ya kamera na lenzi kubwa, ili aliye mbali aonekane yuko karibu. Mia tatu ikawa mia sita. Hondohondo, ndege yule wa mdomo mkubwa, aliyekuwa doa tu juu ya tawi akawa na jicho, na jicho likawa na kope. Siku tuliyoziona zile kope kwa mara ya kwanza tulipanga foleni kuchungulia, na Yotamu akarudi foleni mara mbili.

Konvata ile ilikula mwanga sana. Picha zilitoka nyeusi, au zenye ukungu, na kamera ilihangaika, mara imeshika jani, mara imeshika mbingu, mpaka Mzee akatufundisha kuacha mashine na kuzungusha lenzi kwa mkono. Saa nne asubuhi tulikuwa tunafungasha, maana jua likipanda hewa inatetemeka juu ya ardhi, na konvata inaukuza mtetemo sawasawa na inavyomkuza ndege. Tulimuuliza faida ya chombo chenye masharti mengi hivyo. Akasema, "Konvata haimsogezi ndege, wanangu. Inakusogeza wewe nyuma."

Hapo ndipo jina letu lilipotoka. Jike la hondohondo hujifungia ndani ya tundu la mti, akaziba mlango kwa udongo, akabaki ufa tu. Dume humlisha kupitia ufa huo. Akiona mtu karibu haji, na akichelewa sana jike huvunja mlango na kuacha mayai. Kwa hiyo kila mwanachama mpya, kabla msimu haujaanza, aliugusa mti, akageuka, akahesabu hatua arobaini kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani kwao. Tumesikia Kihehe, Kisangu, Kibena, na mimi Kinyakyusa changu. Hapo alipofika alichomeka kijiti, na mbele ya kijiti hakuna aliyevuka.

Turuhusu sasa tumtaje Saida wa miaka ile kwa jina tu, bila cheo, maana hakuwa nacho. Saida alihesabu kwa Kiswahili, akatuambia bibi yake hakumwachia lugha nyingine. Alikuwa na miaka kumi na tisa na mkono usiotikisika. Mzee alimwachia studio, alimwachia funguo, na mwisho akamwachia konvata. Hajapata kumwachia mtu mwingine.

YALIYOTOKEA IGAWA

Kama Mzee anakohoa, mwacheni akohoe.

Mwaka 2013 Saida alipata nafasi ya chuo Mbeya. Mzee akamwambia apitie Igawa, ashuke, akapige picha korongo walio kwenye mashamba ya mpunga, kisha aje likizo waziangalie pamoja. Akampa konvata ndani ya kifuko cha kaki alichokishona mwenyewe, chenye jina la studio kwa uzi mwekundu. Akarudia sharti lake: konvata hubadilishwa ukiwa umekaa, kifuko kiko mapajani.

Likizo ikaja, Saida hakuja. Ya pili, hakuja. Tulimlaumu, mgeni rasmi, hatutaficha. Tulisema amepata mji amesahau studio. Mzee alikitundika kifuko ukutani karibu na pazia la bluu, na tukimuuliza konvata iko wapi alisema, "Iko kazini."

Hakuna aliyejiuliza kifuko kilirudije. Mwaka jana tu, kwenye msiba, konda wa siku nyingi wa basi la Mbeya, Bwana Jailos, ndiye alitusimulia. Alimpakia Saida pale Igawa, viatu vimejaa matope. Alishuka Mbeya akasahau kifuko kwenye kiti, kimelowa, kitupu. Jailos akakirudisha studio siku iliyofuata.

"Nikamwambia, Mzee, mali yako imezama kwenye mfereji," alisema Jailos. "Korongo waliruka, yule mtoto akasimama kubadilisha, ikamponyoka. Amelia mpaka Mbeya. We unajua aliniuliza nini? 'Yeye mwenyewe hakuanguka?' Nikasema hapana. Akasema, 'Basi usimwambie kwamba nimejua.'"

Tulimwendea Mzee tukiwa na hasira. Kwa nini hakumtafuta? Miaka yote hii binti amebeba aibu ya kitu ambacho mwenye mali alishakisamehe kabla hata kifuko hakijakauka. Mzee alivua miwani.

"Niliogopa kumfuata," akasema. "Ukimfuata mtu mwenye aibu anakwenda mbali zaidi. Nikakaa nyuma, nikasubiri. Ndiyo njia ninayoijua."

MAFANIKIO

Leo kikundi kina kamera nne na konvata mbili mpya, moja ya mara mbili, nyingine ya moja nukta nne, ambayo hula mwanga kidogo na ndiyo tunayoipenda. Kamera za sasa zinamshika ndege zenyewe, isipokuwa aliye ndani ya ufa; huyo bado anataka mkono. Tumepiga picha aina mia moja na sitini za ndege, na hamsini kati ya picha hizo ziko kwenye kuta za chumba utakachokifungua. Picha ya kwanza mlangoni ni kope za yule hondohondo. Nyuma yake kuna jina la mpigaji, kwa mwandiko wa Mzee: Saida.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza tulijiletea wenyewe. Msimu uliofuata baada ya Igawa, konvata ikiwa haipo, tuliona hatua arobaini ni nyingi. Mwenyekiti wetu akashauri kumi na mbili, sote tukaitikia. Picha zilitoka safi sana. Siku ya tatu mlango wa udongo ulikuwa umevunjika, na ndani ya tundu mayai matatu ya baridi. Bwana Yotamu ameomba jambo hili lisomwe kwa jina lake.

Ya pili ni magari ya watalii, ambayo huegeshwa chini ya mti wenyewe.

Ya tatu ni macho ya Mzee. Ana presha ya macho. La kulia limekwisha, la kushoto daktari hakutoa ahadi kwamba litafika mwisho wa mwaka.

MAOMBI

Tunaomba ofisi yako ituwekee vibao kwenye miti sita ya hondohondo, kila kimoja hatua arobaini kutoka shinani.

Tunaomba mafunzo kwa madereva, na tuko tayari kuyatoa sisi, bure, kwa viazi tu.

Ombi la mwisho halihusu ofisi. Mgeni rasmi, kifuko kipo mezani mbele yako, kile kile, chenye uzi mwekundu. Hatukukiweka hapo ili ukijaze. Konvata tunazo. Mti ule wa mwanzo una jike ndani msimu huu, na kesho asubuhi kamera itakuwa imefungwa nyuma ya kijiti. Mzee hawezi tena kushika lenzi kwa mkono. Anahitaji mtu wa kumwekea picha sawa, jicho la kushoto lipate kuziona kope, na ametukataa sote. Anasema mikono yetu inatikisika.

Miaka kumi na zaidi amekaa nyuma ili usikimbie. Hatua arobaini ni za ndege, dada yetu. Leo asubuhi tulipanga viti, tukapima kutoka meza yako hadi kiti chake. Ni hatua saba.

Mwenyezi Mungu akupe macho marefu na safari fupi za kurudi nyumbani. Risala imekwisha, na wewe si mgeni tena.

Ni sisi,
Kikundi cha Hatua Arobaini, Idodi