Fulana za Wanafunzi wa Theolojia

Kijiwe chetu kipo Nkwenda, mkabala na mashine ya kukoboa kahawa, kwenye benchi la Mama Joanitha, muuza kahawa. Asubuhi ya leo Mzee Rwegasira, mzee wa kanisa la Anglikana, tunayemwita Kengele, alitukusanya twende chuo cha Biblia kujaza viti. Wafadhili walikuja kuwaona wanafunzi wa mpango mpya: wainjilisti wa vijijini wasome theolojia kwa simu, kwa Kinyambo, bila kuacha mashamba yao. Mpango wenyewe haujaanza. Basi tukavishwa sisi fulana zilizoandikwa MWANAFUNZI WA THEOLOJIA, tukapigwa picha, tukala wali. Wageni wakaondoka wakifurahi. Sasa tuko benchini, fulana bado mwilini, na kahawa haishuki.

— Yule mama mgeni kaniuliza nimejifunza nini, alisema Niyomugabo wa bodaboda, maarufu kama Breki. Nikamwambia, mengi. Akaandika!

— Afadhali wewe, alisema Cleophace, mnunuzi wa maharage, Mkatoliki wa kuzaliwa, ambaye tunamwita Profesa. Mimi kaniambia niombe. Nikaanza Salamu Maria, nikastuka katikati, nikakohoa mpaka amina.

Siku nyingine tungecheka.

— Msiniangalie hivyo, alisema Kengele. Asiyekuwepo na lake halipo.

— Watakuwepo vipi wainjilisti wenyewe, mzee, na hamkuwaita? alisema Breki.

— Mambo ya ofisi hayo. Na wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hapo kapona nani?

Kengele akanywa kahawa yake ya moto kwa haraka, ikamuunguza.

— Tusijisumbue, alisema Profesa. Fedha zililetwa kwa ajili ya ubunifu, sivyo? Basi tumebuni. Tumebuni wanafunzi.

— Mwakani watataka mahafali, alisema Breki. Tutavaa majoho.

— Baada ya majoho, ukasisi. Utabatiza abiria wako huko huko barabarani.

— Na wewe utakuwa askofu, mkeo akuulize Roma umehama lini.

— Acheni, jamani, alisema Kengele. Acheni.

Mwanamke mmoja akavuka barabara kuja kwetu, kanga imefungwa kiunoni, miguu myekundu kwa vumbi. Kengele alipomwona akainamisha kichwa. Alikuwa Mukandekezi, mwinjilisti wa Songambele, mkulima, wazazi wake walitoka Burundi. Jina lake lilisomwa kanisani miongoni mwa watakaosoma. Tangu hapo kila jioni huipeleka simu yake kwa jirani mwenye sola, ijae chaji, masomo yakija yasimpite.

— Shikamoo, mzee. Habari zenu, ndugu zangu.

— Marahaba, mwanangu.

Akasoma vifua vyetu taratibu. Uso wake ukakunjuka.

— Kumbe masomo yameanza! Mungu ni mwema. Nilikuwa nakwenda kwa mchungaji, nimeambiwa amesafiri. Basi nisaidieni ninyi. Kwetu kuna kitoto kimefariki usiku, hakijabatizwa. Tunazika alasiri hii. Mama yake ananishika mkono, ananiuliza mwanawe yuko wapi. Nimwambie nini?

Profesa akageuza kikombe chake kitupu. Mama Joanitha aliyekuwa anachochea mkaa akaacha.

— Hata kidogo tu, alisema Mukandekezi. Neno moja mlilofundishwa.

Breki ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

— Dada, sisi si wanafunzi. Tulivishwa tu, wageni waone watu.

Mukandekezi hakukasirika. Alimgeukia Kengele, kama mtoto anavyomgeukia baba yake.

— Basi wanafunzi wenyewe ni akina nani, mzee?

Mzee Rwegasira alilijua jibu, na jibu lilikuwa limesimama mbele yake. Akaangalia chini, kwenye miguu ile yenye vumbi.

Mukandekezi alingoja. Kisha akakaza kanga yake, akatuaga kwa heshima mmoja mmoja, akashika njia ya Songambele.