Waya Mweusi wa Meza ya Tano

Risala ya wanafunzi wa Darasa la Jioni la Ufundi kwa mgeni rasmi, Mkaguzi Mkuu wa Mitihani ya Ufundi

Mgeni rasmi, Mwalimu wetu, nanyi ndugu mlioacha shughuli zenu mchana huu mkaja kubanana nasi kwenye viti hivi vya mbao,

Mama Cherehani hakuwa na cheti cha shule ya msingi. Hakuwa na kompyuta, wala meza ya kuiwekea kama angeipata. Hakuwa na miwani ya kumfaa. Aliyokuwa nayo ni ya marehemu mumewe, na ili asome ilimbidi akisogeze kitabu mbali mpaka mkono uishe. Hakuwa na lugha ya vitabu vya ufundi. Hakuwa na mtu nyumbani wa kumwambia, "Nenda darasani, jikoni nitaangalia mimi." Na siku ile ulipotutembelea mara ya kwanza, hakuwa na waya mmoja mweusi, mfupi kama kiganja.

Hayo mengine alikwisha kuyazoea. Waya tulimnyima sisi. Ndiyo maana risala yetu imeanza na yeye kabla hata ya kukukaribisha, na tunaomba radhi kwa kuvunja utaratibu.

MAKARIBISHO

Karibu tena, mgeni rasmi. Sakafu tumeifagia. Meza hatukuzipanga. Utaziona zilivyo, nyaya zikiwa zimezagaa, na ukitusikiliza hadi mwisho utajua kwa nini tumeamua hivyo.

HISTORIA YA DARASA

Darasa hili lilianza miaka saba iliyopita katika stoo ya madawati mabovu, likiwa na watu wanne na pasi moja ya kulehemu. Leo tuko kumi na watatu kwenye meza sita. Yumo kinyozi, yumo dereva wa lori aliyestaafu, yumo mpishi wa hospitali. Yumo Katibu wetu, aliyekuwa tarishi kwa miaka thelathini na moja, akipeleka barua za wengine ofisi hadi ofisi. Kusoma alijifunza katika jengo hili hili, akiwa na miaka arobaini, na tangu hapo havumilii kuona karatasi imekunjwa pembe.

Na yumo Mama Cherehani, mshonaji, mwenye miaka hamsini na minane. Macho yake yamekataa tundu la sindano. Karakana ya hospitali, inayotengeneza vifaa vya wagonjwa wasiojiweza, imekubali kumchukua akipata cheti cha ufundi. Lakini haipokei mwanagenzi aliyefikisha sitini, na mtihani wako huja mara moja kila miaka miwili. Hesabu hiyo unaweza kuimaliza mwenyewe.

MAFANIKIO

Tumejifunza kuiongoza servo. Kwa wageni wasioijua, hiyo ni mota ndogo isiyozunguka ovyo kama feni. Ina mkono, na mkono huo huenda pale unapoambiwa, ukabaki hapo. Anayeuambia ni kompyuta ndogo ya kwenye bodi, ambayo sisi tunaiita maikrokontrola. Huupelekea pigo la umeme mara hamsini kwa sekunde. Pigo likidumu sehemu moja ya elfu ya sekunde, mkono huenda mwisho wa huku. Likidumu sehemu mbili, huenda mwisho wa kule. Moja na nusu, husimama katikati.

Somo hilo lilitutoa jasho wiki tatu. Dereva aliapa kuwa lori lake lilikuwa na akili zaidi. Mama Cherehani ndiye aliyetufungulia njia. "Jamani," alisema, "mbona ni pedali tu? Ukikanyaga kidogo inashona hivi, ukikanyaga sana inashona vile. Na mguu hauondoki, maana ukiuondoa sindano inasimama."

Kinyozi akamwambia, "Mama, basi mimi mashine yangu ya kunyolea itanifundisha nini?"

"Ikufundishe kunyoosha kisogo, mwanangu. Nimeona ulichomfanyia Dereva."

Sisi wengine tulitumia mota ndogo kabisa, zinazokula umeme wa bodi. Yeye alichukua kubwa. Dada yake mkubwa alipatwa na kiharusi na vidole vyake havishiki, na Mama Cherehani alitaka mota itakayofungua bomba la ndoo ya maji dada akibonyeza kitufe kwa kiwiko. Bomba lile ni gumu, na bodi haina nguvu ya kulisha mota kubwa, kwa hiyo aliipa mota betri zake yenyewe. Kutoka hasi ya betri hadi hasi ya bodi, akapitisha waya mweusi.

Siku ya kulijaribu, lilifunguka mara ishirini, likafungwa mara ishirini. Tulihesabu sote kwa sauti.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto tunayo moja.

Ulipokuja kupima watahiniwa, sisi tuliamka asubuhi kukupangia ukumbi. Hii ni desturi yetu na tulijivunia: akija mkubwa, tunafuta meza, tunafunga nyaya, tunaficha mabaki. Meza ya tano ilikuwa na waya mmoja uliokatiza katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Haukuwa umeshika mota. Haukuwa umeshika kitufe. Wenye mota ndogo hatukuwahi kuuhitaji, tukauona kama kitu kilichosahauliwa. Mama Cherehani alikuwa bado hajafika. Katibu aliuchomoa, akauviringisha vizuri, akautia kwenye mkebe wa misumari. Tulikuwa tumesimama pale, na mmoja wetu akamwambia, "Hapo sasa pamependeza."

Ulipofika meza ya tano, Mama Cherehani alibonyeza kitufe. Mkono wa mota ukatetemeka. Akabonyeza tena, ukatetemeka zaidi, ukapiga ndoo kama jino la mtu mwenye baridi. Akachungulia kwa miwani ya mumewe, akigusa waya mmoja mmoja. Ulimpa dakika tatu. Kisha ukasema, "Mama, mota yako ina homa. Ipeleke hospitali."

Tulicheka, mgeni rasmi. Tulicheka kwa sababu wewe ulicheka. Kwenye fomu yake ukaandika, "Hajui."

Siku ya nane Mama Cherehani alikwenda meza ya Katibu, akaweka kitu juu ya daftari la mahudhurio.

"Hiki nini, Mama?" Katibu aliuliza.

"Waya wangu, Bwana Katibu. Umeufunga vizuri sana."

Ulikuwa umefungwa kwa uzi, kwa fundo la faili, lile linalofungwa na matarishi tu. Katibu alilitambua fundo lake. Hakuelewa bado, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini haukuwa umeshika mota."

"Haukushika. Ila bodi na mota zilikuwa zinapimia hapo." Akavuta kiti akakaa. "Ukipima nguo, wewe uanzie begani mimi nianzie shingoni, tutaafikiana? Bodi inasema moja na nusu. Moja na nusu kuanzia wapi? Mota haijui. Ndiyo ikawa inahangaika vile."

"Mbona siku ile hukusema?"

"Siku ile sikuuona. Nilijua kuna kitu kimepungua, nikatafuta, dakika zikaisha. Nimeukuta jana nikitafuta msumari."

Mwalimu akatusomea kanuni. Rufaa hupokelewa ikiwa itamtaja aliyegusa kazi ya mtahiniwa. Na mtahiniwa aliyegusa kazi ya mwenzake huondolewa mtihanini. Katibu naye ni mtahiniwa. Meza yake uliipitisha, na ukamsifu kwa usafi. Ana miaka sitini na saba, na hicho kingekuwa cheti chake cha kwanza katika maisha yake.

"Acha, Bwana Katibu," Mama Cherehani alimwambia. "Tundika hicho cheti chako ukutani. Mimi mtu mzima, nitazoea."

Katibu alichukua karatasi, akaanza kuandika.

Mgeni rasmi, Katibu huyo ndiye anayekusomea risala hii.

MAOMBI

Hatuombi jengo, hatuombi vifaa. Tunaomba dakika tatu. Meza ya tano iko pale dirishani, na waya mweusi uko mahali pake. Tunaomba ubonyeze kitufe kwa kiwiko chako mwenyewe. Bomba litafunguka, litakaa wazi tukihesabu hadi kumi, litafungwa. Kisha umwulize Mama Cherehani lolote unalotaka, naye atakujibu. Ukiridhika, tunaomba lile neno uliloandika ulifute kwa mkono ule ule ulioliandika.

Kuhusu Katibu, hatuna ombi. Yeye mwenyewe amekataa tuliandike.

HITIMISHO

Usije ukadhani tunakutega, mgeni rasmi, au tunangoja tuone uso wako kwanza. Orodha ya watahiniwa inafungwa leo, na baada ya hapo rufaa haipokelewi. Asubuhi hii saa mbili tulikutana hapa, na barua ya kwenda Bodi ya Mitihani ikasomwa. Inaeleza nani alichomoa waya, na nani walisimama wakimtazama. Watu kumi na wawili tulitia saini. Wa kumi na tatu alikataa kushika kalamu. Alikaa dirishani akiwa ametugeuzia mgongo. Lakini gundi ya bahasha ilipogoma, ndiye aliyeinuka, akaipasha moto pasi ya kulehemu, akaipitisha polepole ukingoni juu ya kitambaa chake mpaka ikashika.

Katibu aliipeleka kwa miguu. Karani wa mapokezi, anayemfahamu tangu enzi za utarishi, alivuta daftari akamuuliza, "Mzee, leo umetumwa na nani?"

"Leo nimejituma."

Karani akagonga muhuri. Ilikuwa saa nne kasorobo.

Mungu akupe afya, mgeni rasmi, na akuongoze unapoielekea meza ile. Ni sisi wako, wa meza ya kwanza hadi ya sita,

Wanafunzi wa Darasa la Jioni la Ufundi.