Nsajigwa Amoni Kibona, aliyebisha hodi kwake

Poleni kwa msiba, ndugu, majirani wa Mbebe na nyie madereva mliotoka Tunduma, sogeeni karibu, simu zizimwe, tumsemee mwenzetu kabla hatujamsitiri.

Marehemu Nsajigwa Amoni Kibona alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapahapa Mbebe, mtoto wa tatu wa Mzee Amoni na Mama Rozi, akasoma shule ya msingi kuanzia 1988 hadi 1994, na walimu wake waliobaki watakubali kwamba kwa hesabu alikuwa moto, kwa utoro vilevile, maana kila lori lililopita lilimtoa darasani.

Mwaka 1997 alikwenda Tunduma kufanya kazi ya utingo, mwaka 2004 akapata leseni, akaendesha malori ya mizigo mpaka Kitwe, Zambia, na tarehe 16 Septemba 2006 alifunga ndoa na Jenista, binti wa Mzee Hezron wa Igamba, aliyekuwa akitaniwa kila siku na mumewe kwamba kilichomvuta ni kahawa ya baba mkwe. Mungu akawajalia watoto watatu, Dina, Edson na Atuganile.

Tarehe 9 Juni 2021, karibu na Mlowo, lori lake lilikatika breki likapinduka, utingo wake Ombeni akafariki papo hapo akiwa amevaa jaketi la Nsajigwa lenye leseni mfukoni, hivyo simu iliyofika huku ilisema aliyekufa ni Nsajigwa, tukachimba kaburi, Jenista akalia mpaka sauti ikakauka, kesho yake simu nyingine ikasema yu hai, yuko hospitali, kichwa kimepasuka. Jamani! Wazee wakasema kwa mila zetu hatuwezi kulifukia kaburi likiwa tupu, tukakata mgomba, tukauvika shuka, tukauzika bila sala, na ndicho kile kichuguu mnachokiona pembeni.

Alifanyiwa upasuaji wa kuondoa damu iliyovilia kwenye ubongo, akarudi nyumbani tarehe 4 Desemba 2021, anatembea, anaongea, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwambia habari za mgomba. Asubuhi yake alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akavua kofia mbele ya kichuguu, akamgeukia Jenista, akampa pole ya kufiwa na mume, kwa adabu zote, akimwita mama.

Watoto aliwajua, ng'ombe aliwajua kwa majina, ila Jenista kwake alikuwa mtu anayefanana na Jenista, daktari akatueleza kwamba macho yanaiona sura ileile, lakini sehemu ya ubongo inayomfanya mtu aone kwamba huyu ni wangu imeumia, majirani wengine wakanong'ona kwamba tuliyemzika ndiye, tuliyeletewa siye, naye Jenista aliwajibu kwamba huyo ni mume wake, ameumia kichwa, wamwache. Kila jioni alibisha hodi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, akalala sebuleni kwa heshima ya mke wa mtu, na kila jioni Jenista alimkaribisha kwa kumwita Baba Dina, akitumaini kwamba leo ataitwa Mama Dina. Aliambiwa asante mama, basi. Roho inauma kulisema hili.

Kifafa kilichotokana na jeraha lile kilimzidi mwaka jana, na mchana wa tarehe 18 Februari 2025, Jenista akimnywesha uji, Nsajigwa alimshukuru kwa kumtunza hivyo wakati si ndugu yake, akamwomba, akionana na Jenista, amwambie kwamba hakumkimbia, alimtafuta kila siku. Jenista angeweza kumwambia ndimi Jenista, alikwisha kusema hivyo mara nyingi mno, safari hii alimfuta midomo akasema atamfikishia. Nsajigwa alifariki jioni hiyo, akiwa na umri wa miaka 45.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, hata wale wa kunong'ona, na madereva wenzake ambao hawakuacha kuja kumwona. Mwisho, Jenista ametuagiza tuseme kwa sauti kwamba Mama Dina amezipata salamu zote. Pumzika kwa amani, Baba Dina.