Shamba la Nyuma ya Kilima

Ndugu waombolezaji wa Jarra, Dalaya na Shueib, vitongoji vyetu vitatu vinavyoamshwa na jogoo mmoja, marehemu Mutlaq Salama, Abu Nayef, mjomba wangu, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1951 ndani ya pango la Jarra, akalia kwa sauti mpaka mbuzi wa Dalaya wakakata kamba, na msinibishie, bibi yangu alikuwepo.

Alisoma mjini hadi darasa la nne, njia ndefu hata alitoka nyumbani mtoto akafika shule na ndevu, mwaka 1964 akaona heri alime, akalima ngano na shayiri nyuma ya kilima kwa plau na punda, na pua yake ilinusa mvua ingali baharini.

Tarehe 2 Agosti 1974 alimuoa Wadha wa Dalaya, aliyekuwa amemkataa mara mbili kwamba ananuka punda, wakajaliwa watoto watano, Nayef kifungua mimba.

Mwaka 2016 figo zilimlaza, na sheria inayotukaba mnaijua, shamba likikaa miaka mitatu bila kulimwa linatwaliwa na serikali, na desturi yetu nayo ni kumlimia mgonjwa kimyakimya, maana kumuuliza jirani kama amelima ni kumtukana, basi Jarra wakadhani Dalaya wamelima, Dalaya wakadhani Shueib, Shueib wakadhani wanawe, na wanawe wakawashukuru wote kwa chai, hakuna aliyepanda kilima kuchungulia, mpaka Januari 2020 shamba likazungushiwa waya.

Nani amwambie mzee? Wadha alichota udongo uani, akamtilia kiganjani, akamwambia, "Shika, Abu Nayef, limelimwa."

Mzee akanusa, akasema, "Huu wa chini ya mnanaa wako, mama Nayef. Wamelichukua, siyo?"

Kisha mzee akageukia ukuta, hakuonja tena hata mkate, akafariki alfajiri ya tarehe 14 Februari 2020, ngumi imefumbata udongo ule.

Tunawashukuru madaktari wa mjini, wenzake wa mavuno, nanyi majirani mliobeba jeneza mkizunguka waya mzima, wema wenu ni mkubwa kuliko kilima, kasoro siku moja tu ya plau.

Lala kwa amani, Abu Nayef, na huko uendako, akikwambia mtu kwamba amekulimia, kanuse kwanza.