Mama Yasmini Akabidhi Ufunguo wa Masijala ya Siri

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Bi Safiya Abdulhalim, Mama Yasmini wetu, anastaafu tarehe 30 Juni na kukabidhi ufunguo wa masijala ya siri ya ofisi yetu hapa Shinyanga.

Alianza kazi Kishapu akiwa mpiga chapa, akahamishiwa Geita, kisha akaletwa hapa mjini. Kwa kufunga mdomo hana mpinzani. Kwenye harusi ya Yasmini, mpishi alimuuliza wageni watakuwa wangapi, akaambiwa aandike barua. Nakala ikiharibika, Mama aliichoma mwenyewe kwenye ndoo nyuma ya ofisi, akayavuruga majivu kwa kijiti mpaka tukamcheka.

Hatucheki tena. Mwaka juzi ilikuja barua ya ubalozi mmoja, yenye muhuri wa SIRI. Ilimtaja Ngassa, mchimbaji mdogo wa Geita, aliyewaeleza maofisa wa ubalozi jinsi wenzake wanne walivyofukiwa na kifusi duarani, ndani ya shimo la dhahabu, kisha mwenye shimo akaficha habari. Wiki ileile ukurasa wenye jina lake ulikuwa kwenye simu za watu wote machimboni. Ngassa alizikwa kabla hata uchunguzi haujaanza.

Daftari la nakala lilikuwa na sahihi ya Mama Yasmini peke yake. Kamati ilimbana siku nzima, naye akasema neno moja tu: "Karatasi imetoka masijala, na masijala ni yangu." Akasimamishwa kazi miezi saba, akarudi na barua ya karipio ambayo ingali ndani ya jalada lake.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mama alinituma kudurufu barua ile. Nakala ya kwanza ilitoka hafifu, nami kwa uvivu wa kwenda kwenye ndoo nikaitupa kwenye boksi la karatasi anazofungia karanga muuzaji wa getini. Mteja akaisoma, akaipiga picha. Mama alijua. Aliporudi kazini nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, mwanangu, akanipa barua nyingine nikadurufu. Nimeona aibu kila siku tangu hapo.

Leo asubuhi nimemwandikia mkuu wetu, bila muhuri wowote, karipio lile litolewe kwenye jalada la Mama na liwekwe kwenye langu.

Asante, Mama Yasmini. Ofisi nzima inakuombea mapumziko mema na afya njema. Ngassa tumechelewa kumwombea hayo.

Donatus, karani wa masijala