Kilichokata Shingo za Miche

Miaka ya vijiji vya ujamaa, katika lori la kwenda Bariadi, nilikaa karibu na Nyanjige wa Sola, aliyekuwa akimpelekea mganga kuku mweupe. "Miche ya nyanya ya kijiji imelala chini, yote imekatwa shingo," akamlalamikia bwana shamba Khatibu, aliyekaa mbele yetu. "Nikirudi namtaja Lukresia mbele ya watu kuwa ndiye mchawi. Ndiye huamkia kitaluni na ndoo kila alfajiri."

"Mayu, mama yangu, si uchawi huo," Khatibu akajibu. "Ni ugonjwa. Waingereza huuita dampingi-ofu. Dampu ni unyevu. Zamani lilikuwa neno la mvuke unaokaba pumzi. Maji yakizidi, kuvu wa udongoni, asiyeonekana kwa jicho, hula shina."

"Maji? Mbona kila kaya inamwagilia! Nani anataka kuitwa mvivu?"

"Basi kuvu huyo mmemlisha nyote."

Nikatunga kitendawili moyoni. Hana kisu, hana mkono, naye huchinja kitalu kizima! Hapo wajukuu wangu wangeshindwa kutegua, wangenipa mji mara moja.

"Na mimi pia?" Nyanjige akanong'ona.

Lori likasimama penye njia ya mganga. Utingo akamfungulia nyuma, akamhimiza ashuke. Nyanjige alibaki amekaa, kampakata kuku wake mweupe, anavitazama viganja vyake.